Ng'ombe wa Ukurasa wa 213

Jumatatu, tarehe 4 Mei

Siku mbaya. Mama Sidonie, prefe, yaani mkuu wa shule yetu, alituita walimu wote saa sita akatangaza kwamba mtihani wa mdomo wa fasihi kwa darasa la sita hautasimamiwa tena na mwalimu wa fasihi. Yaani mimi. Atakuja mtu wa nje, Ijumaa ya tarehe 15, na ataketi na kila mwanafunzi peke yake juu ya riwaya ya programu. Akaongeza, huku akiniangalia, kwamba angependa waulizwe hasa juu ya mwisho wake. Kitabu ambacho mtu hakukimaliza, alisema, hakukisoma.

Darius, mwalimu wa jiografia, alitikisa kichwa taratibu. Ana miaka miwili analimezea mate darasa langu. Mama Sidonie akamalizia kazi: zaidi ya nusu ya wanafunzi wakianguka, mwakani Darius atachukua fasihi ya sita, na mimi nitashuka kwa wale wadogo wanaoingia sekondari, wanaolilia kalamu.

Niandike ukweli hapa, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu. Mwisho wa riwaya hiyo siujui.

Shule ina nakala moja tu. Iko mikononi mwangu mwaka wa sita huu. Mimi naisoma kwa sauti, wanafunzi thelathini na mmoja wanaandika. Inaishia ukurasa wa 212. Kurasa zilizofuata zilichanwa kabla haijanifikia. Nadhani ziliwasha makaa jikoni kwa mtu. Shujaa wake, Lwanzo, aligombana na baba yake kwa ajili ya shamba, akaondoka, akavunja mawe machimboni miaka kumi na mmoja bila kutuma hata salamu. Kisha anasikia baba ni mgonjwa. Anarudi kwa miguu, siku nne. Anafika. Maneno ya mwisho ya ukurasa wa 212 ni haya: akausukuma mlango, akaona.

Basi. Akaona nini, Mungu anajua.

Mwaka ule wa kwanza niliwaambia wanafunzi tutamaliza kesho. Kesho yake niliwakuta wameshaketi, wote, kabla ya kengele. Ningefanya nini? Nikaona kwa niaba ya Lwanzo. Baba ameketi karibu na moto, amepona. Nyuma ya nyumba yuko Bihogo, ng'ombe wa kahawia aliyeachwa akiwa ndama. Anamtambua Lwanzo na kulia. Bihogo alikuwa ng'ombe wa koko yangu, mama wa baba yangu, kule Masisi. Lilikuwa jina la kwanza lililonijia mdomoni. Mwaka wa pili nikaongeza binti wa jirani aliyemsubiri. Mwaka wa tatu, harusi. Kila mwaka darasa linalia. Mwaka jana Mama Sidonie mwenyewe alipita dirishani, akasimama, akatoa kitambaa.

Sasa watu wa nje wanataka kuja kunichunguza.

Jambo moja linanifariji: Bénita Uwingabire. Msichana wa Masisi, anakaa kwa shangazi yake Majengo, kichwa chake kinawaka. Parokia imeahidi kumlipia chuo cha ualimu, mradi apate alama sitini kwa mia katika mtihani huu. Huyo hanipi wasiwasi hata kidogo.

Jumanne, tarehe 5 Mei

Mpango wa kwanza. Inasemekana Darius ana nakala nzima, aliinunua Bukavu. Nikapanda moto, pikipiki ya abiria, hadi kwake Keshero, kwa kisingizio cha kumjulia hali mguu wake. Mguu wake hauna shida. Nilisahau kuuliza kwanza kama aliwahi kuumia.

Alinikaribisha chai. Ana kabati la vitabu lenye kioo, kama vile vitabu ni vikombe vya wageni. Nikaiona riwaya yetu, mgongo wake mzima, nene kuliko yangu kwa kidole kimoja. Kidole kizima cha mwisho!

Nikasema ningependa kuiazima siku mbili, kulinganisha machapa. Akauliza kwani yangu ina nini. Nikasema haina kitu. Nilisema kweli, kwa namna fulani. Akasema vizuri, atanipa, ila angependa kujua ni sehemu ipi hasa ninayotaka kulinganisha. Nikasema sehemu mbalimbali. Akasema atie alama ukurasa gani. Nikaona mtego. Mtu huyu anataka nimtamkie kwa kinywa changu kwamba mwalimu wa fasihi hana mwisho, kesho asubuhi Mama Sidonie awe anajua.

Nikanywa chai, nikautakia mguu wake uponyaji mwema, nikarudi.

Jumatano, tarehe 6 Mei

Mpango wa pili. Ushindi!

Kuna Gentil, mwenye kibanda cha fotokopi pale Majengo. Huuza vijitabu vya muhtasari vya masomo yote, vilivyobanwa kwa pini mbili. Miaka yote nimewakataza wanafunzi wasivinunue. Mwalimu akionekana anakinunua cha somo lake mwenyewe, ni aibu. Kwa hiyo nikavaa kofia ya mke wangu ya kanisani na kuishusha hadi kwenye nyusi.

Gentil aliniangalia. "Prof Zéphirin, ile kofia ni ya nini? Jua haiko."

Nikasema ni ya kichwa. Nikachukua kijitabu, nikakificha ndani ya koti, nikatembea haraka mpaka nyumbani, nikafungua ukurasa wa mwisho nikiwa bado nimesimama. Nikasoma.

Baba ameketi karibu na moto. Amepona. Binti wa jirani amesubiri. Harusi. Na nyuma ya nyumba, ng'ombe wa kahawia, jina lake Bihogo.

Nilikaa kitini. Miaka sita nimekuwa nikijiona mwongo, kumbe nilikuwa nikisoma ukurasa ambao sikuwahi kuuona. Nilibuni kila kitu sawasawa, mpaka jina la ng'ombe. Mimi na mwandishi tuna akili moja. Labda ningeandika vitabu.

Nikamwonyesha Perpétue, mke wangu, aliyekuwa anachambua maharage. Akasoma. Akauliza: "Bihogo si ile ng'ombe ya koko yako?" Nikamweleza kwamba bila shaka mwandishi alipita Masisi. Akarudia maharage yake, na mabega yalikuwa yakimtikisika. Wanawake hawana subira na mambo ya fasihi. Kofia ameichukua na kuifungia sandukuni.

Alhamisi, tarehe 7 Mei

Leo nilifundisha kwa nguvu mpya. Hakuna tena "inaonekana" wala "tunaweza kusema". Nimewapa mwisho kwa hatua nne na kuwafanya waukariri kwa pamoja: mlango, baba, ng'ombe, harusi. Darius, anayefundisha chumba cha pili, alituma mtu kuomba tupunguze sauti. Tukaongeza.

Bénita akanyoosha mkono. Nikafikiri anataka kuwaongoza wenzake. Aliuliza juu ya ukurasa wa 209, siku ya pili ya safari, pale Lwanzo anapopishana kivukoni, ndani ya ukungu, na mzee mwenye fimbo, na kwa uchovu hamsalimu. Mzee huyo ni nani? Nikamjibu kama nilivyowajibu wenzake wa miaka yote: ni mapambo ya mandhari. Kila mtu aandike. Wakaandika.

Alibaki baada ya kengele. Akasema, kwa adabu yake yote, kwamba kwenye kitabu mwisho ni mwingine.

"Prof, kwenye kitabu ng'ombe haiko."

Nikauliza kitabu kipi. Cha Darius. Amekiazima. Alikipataje? Aliomba tu.

Aliomba tu! Nilielewa mara moja. Mtego ule niliouruka Keshero, Darius amemtegea mtoto wangu. Bila shaka amepata chapa mbovu, au amechomeka kurasa za kitabu kingine, ili wanafunzi wangu wapoteane siku ya mtihani. Bénita akafungua mkoba anionyeshe. Nikakataa kutazama. Nikamwambia nimehakikisha kwa maandishi yaliyochapwa, na kwamba Ijumaa ile aseme ng'ombe, apate sitini zake, aende chuoni. Akasema ndiyo Prof, ila kwa ile sauti ya mtu anayesema ndiyo kwa mlango uliofungwa.

Jumatatu, tarehe 11 Mei

Nimejua mtahini ni nani. Muzee Florent Nsengimana, enspekta wa shule aliyestaafu, anakaa upande wa Lac Vert. Mpango wa tatu ukajipanga wenyewe: kwenda kumsalimia kama mwalimu kijana anavyomsalimia muzee, na kuchungulia maswali.

Sikwenda mikono mitupu. Nilibeba jibini zima la Masisi, duara, lile gumu. Dereva wa moto aliliweka mbele yake kama mtoto. Muzee Florent alilipokea kwa mikono miwili, akalikata papo hapo, tukala mpaka robo. Aliniuliza ukoo, akaniuliza kilima cha kwetu, akagundua kwamba alimjua mjomba wa baba yangu. Alisema wote waliotoka kilima kile walikuwa wabishi lakini hawakuwa wezi.

Na juu ya meza, chini ya miwani yake, nikaona nini? Kijitabu cha Gentil, pini mbili. Kimepigwa mistari kwa kalamu ya bluu. Neno Bihogo limezungushiwa duara.

Alikiri mwenyewe, kwa aibu kidogo. Riwaya aliisoma zamani, akiwa kijana. Nakala yake iko chini ya lava tangu volkano ya mwaka wa 2002, pamoja na kabati na nusu ya nyumba. Mengi amesahau. Nikamwambia asijali hata kidogo, kijitabu hiki nakijua, hakina kosa.

Nilirudi nikiimba. Wanafunzi wangu wana ng'ombe, mtahini ana ng'ombe. Darius abaki na chapa yake mbovu.

Jumatano, tarehe 13 Mei

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa kutoka shuleni hadi kwa Gentil.

Nilipita kumshukuru, bila kofia. Nikamwuliza ni profesa gani wa chuo aliyemwandikia muhtasari mzuri hivi. Gentil akacheka. Akavuta droo, akatoa daftari la mkono, lenye jalada la bluu, ambalo alilichapa kwa kompyuta kisha akalitolea fotokopi. Aliuziwa na mwanafunzi mmoja aliyemaliza miaka mitatu iliyopita.

Nikalifungua. Pembeni ya ukurasa wa mwisho, kwa wino mwekundu, palikuwa pameandikwa: Vizuri sana, lakini usisahau ng'ombe. Chini yake, sahihi. Sahihi yangu.

Gentil akauliza kama naumwa. Nikasema ni vumbi.

Basi hakuna akili moja na mwandishi. Hakuna mwandishi aliyepita Masisi. Kuna mimi tu, nimezunguka kibanda cha fotokopi nikarudi kujikuta. Muzee Florent atawauliza wanafunzi wangu uongo wangu, wao watamjibu uongo wangu, na atawapa alama. Wote watapita. Darasa litabaki langu.

Wote isipokuwa mmoja.

Alhamisi, tarehe 14 Mei

Asubuhi nilimwomba Bénita kile kitabu. Nikakisoma mapumzikoni nyuma ya vyoo, nimekaa juu ya jiwe la lava, nimewageuzia watu mgongo. Mara yangu ya kwanza kufungua ukurasa wa 213.

Akausukuma mlango, akaona kitanda kimetandikwa. Hakuna mtu. Jirani anakuja anamwambia: baba yako alipona wiki iliyopita, akachukua fimbo yake, akaenda machimboni kukutafuta. Walipishana njiani. Mzee wa kivukoni, ndani ya ukungu, yule ambaye mtoto hakumsalimu. Lwanzo anaketi kizingitini na kusubiri. Kitabu kinaisha hapo.

Miaka sita nimesoma ukurasa wa 209 kwa sauti yangu mwenyewe. Mapambo ya mandhari!

Nililia kidogo, niandike hivyo hivyo. Halafu nikakasirika. Mwisho gani huo? Mtu ametembea siku nne. Hata ng'ombe mmoja? Wangu ulikuwa mzuri zaidi, na bado nasema hivyo.

Nikamwita Bénita. Nikamweleza, bila kueleza kila kitu, kwamba mtahini wa kesho anaujua mwisho mmoja tu, na mwisho huo una ng'ombe. Aseme ng'ombe kesho. Keshokutwa anaweza kuamini anachotaka. Bénita akasema mwisho wa kitabu hawezi kuuacha, kwa sababu ni wa kwao. Mwaka waliokimbia Masisi, mama yake alirudi Sake kuwatafuta, na wao walikuwa wameshapita kwa njia nyingine, wako Lac Vert. Walitafutana siku tisa. Bénita alishamweleza shangazi yake kwamba kuna mtu aliandika jambo hilo kitabuni.

"Hakukuwa ng'ombe, Prof," akasema.

Kwa hiyo nikafanya mpango. Nimepanga orodha upya na kumweka Bénita wa kwanza. Muzee yeyote anayeanza mtihani huanza na ukurasa wa kwanza: shamba, ugomvi, kuondoka. Mpaka afike mwisho, Bénita atakuwa ametoka zamani na sitini zake. Safi kabisa.

Ijumaa, tarehe 15 Mei

Muzee Florent alianza na mwisho.

Mama Sidonie alikuwa amemkumbusha mlangoni. Nilikuwa nimeketi nyuma kama shahidi, sina ruhusa ya kufungua kinywa. Alimwuliza Bénita: Lwanzo anaona nini? Bénita akajibu kwa Kifaransa kizuri, polepole, kitanda, jirani, fimbo, kivuko. Muzee akafunua kijitabu. Akafunua tena. Akamwuliza kama ana hakika. Bénita akasema anayo. Muzee akauliza juu ya ng'ombe, kwa sauti ya mtu anayetaka kusaidia. Nilimkazia macho Bénita mpaka yakaniuma. Akasema hamjui ng'ombe huyo.

Alama thelathini na nane.

Baada yake walifuata thelathini. Mlango, baba, ng'ombe, harusi. Mwanafunzi wa saba alieleza kilio cha Bihogo vizuri kiasi kwamba muzee alivua miwani akaifuta. Hakuna aliyepata chini ya sabini. Saa tisa Mama Sidonie alinishika mkono mbele ya walimu wote na kusema amekosea kunishuku. Darasa la sita ni langu. Darius naye alinipongeza, na kibaya zaidi, alionekana anamaanisha.

Nilipotoka, Bénita alikuwa ameketi kwenye ukuta wa mawe, mkoba magotini. Hakuwa analia. Nilimwambia pole. Aliniuliza swali moja, kama mwanafunzi anavyomwuliza mwalimu wake anapotaka kujua.

"Prof, basi ni kitabu ndio kilikosea?"

Nilisema tutazungumza Jumatatu. Nilikuwa na njaa lakini nyumbani sikula. Perpétue aliuliza kama tumeshinda, nikasema ndiyo.

Jumamosi, tarehe 16 Mei

Mpango wa tano. Kwenda Lac Vert na kitabu, na kumwambia Muzee Florent kwamba riwaya hii, kwa bahati, ina miisho miwili, kutegemea chapa. Bénita anapata alama zake, ng'ombe anabaki, mimi nabaki. Niliufanyia mazoezi njia nzima juu ya moto. Dereva alidhani nazungumza naye na akawa ananijibu.

Nikampa muzee kitabu, kimefunguliwa 209. Alisoma mpaka mwisho bila haraka. Robo tatu ya jibini ilikuwa pale mezani, nikailinda dhidi ya nzi. Alipomaliza alikifunga na kuweka kiganja juu yake.

Akasema sasa amekumbuka. Aliisoma akiwa na miaka ishirini, akiwa bado hajaongea na baba yake mwaka mzima, na alipomaliza alivaa viatu akaenda kwao. Alijiuliza wiki hii yote kwa nini kijitabu kile hakikumfanya avae viatu. Kisha akaniangalia.

"Mutoto wangu, ile ng'ombe ilitoka wapi?"

Nikafungua kinywa niseme machapa. Miisho miwili. Bukavu. Yote yalikuwa tayari ulimini.

"Ni ya koko yangu," nikasema.

Imetoka yenyewe, sikuipanga. Nikaendelea: kurasa zilizochanwa, miaka sita, daftari la bluu, wino mwekundu. Muzee alisikiliza mpaka mwisho, na hakucheka ila pale kwenye harusi. Akasema sisi wawili tumemwangusha mtoto pekee aliyesoma kitabu, mimi kwa kubuni na yeye kwa uvivu, na kwamba hakuna wa kumcheka mwenzake. Akaandika karatasi nyingine: Bénita Uwingabire, tisini. Akatia sahihi. Mkono wake ulikandamiza kalamu mpaka meza ikapata alama.

Nikashukuru, nikasimama. Akaniambia niketi. Hao wengine thelathini, alisema, watajaribiwa upya Jumatatu. Swali moja tu.

Nikauliza kama swali hilo linaweza kugusa ng'ombe kidogo. Akanifungulia mlango.

Jumatatu, tarehe 18 Mei

Muzee alimweleza Mama Sidonie kila kitu, sehemu yake kwanza, halafu yangu. Mama Sidonie hakupaza sauti. Alisema tu kwamba ananidai machozi ya mwaka jana, pamoja na kitambaa.

Swali lilikuwa hili: mzee mwenye fimbo wa ukurasa wa 209 ni nani?

Wanafunzi kumi na moja walisema huenda ni baba. Hao ndio wanaonishangaza. Hawakuwahi kusikia hivyo kwangu, waliwaza wenyewe. Kumi na tisa walijibu sawasawa na madaftari yao: ni mapambo ya mandhari. Mmoja akaongeza, kwa fahari, kwamba ndivyo alivyosema Prof Zéphirin.

Kumi na tisa kati ya thelathini na mmoja. Nimelifanyia hesabu hilo mara tatu na bado ni zaidi ya nusu. Muzee amewaruhusu kurudia mwezi ujao. Mimi sina kurudia.

Baadaye aliwasomea mwisho wenyewe. Tukasikia chaki ya Darius chumba cha pili. Kisha mwanafunzi mmoja wa nyuma akauliza Bihogo amekwenda wapi. Nusu ya darasa iligeuka kuniangalia, na nikaona wanamtaka. Hilo litanitosha kwa muda.

Jumatano, tarehe 20 Mei

Imekwisha. Darius anachukua fasihi ya sita. Mimi nashukia kwa wadogo.

Bénita alikuja nyumbani kuniaga. Parokia imekubali, chuo kinaanza Oktoba. Alileta salamu za mama yake, ambaye angependa kukisoma kitabu hicho mwenyewe, Darius amemwachia. Nilimpa mkono, nikamwambia siku moja atakuwa mwalimu mzuri kuliko mimi. Alisema asante Prof, bila kubisha, jambo ambalo lilinichoma kidogo. Kusema kweli ninafurahi. Nimefurahi tangu asubuhi.

Mama Sidonie amenikabidhi kitabu cha wadogo. Nakala moja. Nimekifungua nyumbani. Kinaanzia ukurasa wa 21, na maneno ya kwanza ni haya: kwa hiyo mama akakimbia.

Kurasa ishirini hazipo.

Bénita alikuwa bado mlangoni, akaona. Aliniambia Prof Darius anacho kizima, amekiona kabatini, niombe tu. Nikamwambia nitafikiria. Perpétue, ambaye alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, akasema kwa sauti kubwa kwamba nisifikirie, niombe. Wameondoka pamoja hadi barabarani, wanazungumza na kugeuka kuniangalia.

Kwa nini niombe? Mwisho ndio mgumu, hilo nimejifunza. Mwanzo mtu yeyote anaweza. Mama alikimbia kwa sababu kulikuwa na jambo nyuma ya nyumba, alfajiri, na jambo hilo lilikuwa linalia.

Nimeshaandika kurasa nne. Safari hii ng'ombe ni mweupe.